Mtu Mmoja Hapa Ndani

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimerudi kutoka kanisani saa nane, sijala. Naandika kwanza.

Leo tulikuwa na mgeni, Mwinjilisti Masinde kutoka Mbale. Anahubiri Kiingereza. Kiswahili chake ni kile cha polisi tu – simama, kaa chini, toa kitambulisho – alikiri mwenyewe, watu wakacheka. Mimi nikasimama kushoto kwake na maikrofoni ya pili, kama ninavyosimama na kila mgeni tangu 2019. Wao wanasema, mimi nasema. Wakipaza sauti, napaza. Wakishuka kati ya viti, nawafuata na waya.

Karibu na mwisho akanyamaza. Akanigeukia. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayesoma: Mungu ananionyesha mwanamke huyu anayenitafsiria. Anamwita aache kazi yake, achunge kondoo wake.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mkalimani hana nafasi ya kufikiri, sentensi ikiingia inabidi itoke. Nikasema: "Mungu ananionyesha mtu mmoja hapa ndani. Anamwita aache kazi yake, achunge kondoo wake."

Mtu mmoja hapa ndani. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Hapana – najua. Nitaandika kesho.

Masinde hajaongeza neno, Jean-Claude akainuka kwenye benchi la tatu. Jean-Claude wa Port Bell, anayepakia magunia kwenye mabehewa yanayoingia melini, mabega mapana kama mlango. Alikuja mbele analia kwa sauti. Masinde alimtazama yeye, akanitazama mimi – nadhani aliona ni mtu tu anayetaka kuombewa – akamwekea mikono. Akaomba, nikatafsiri. Neno kwa neno safari hii, kwa uaminifu wote!

Vigelegele. Watu wakamkumbatia: Jean-Claude ameitwa. Mke wake Lakica alibaki amekaa, mkono juu ya tumbo. Hakupiga kigelegele.

Chakula kimepoa.


Jumatatu, 7 Julai

Kazini. Gomesi mbili, yale magauni ya Kiganda ya mabega yaliyochongoka, za watu wa harusi, za Jumamosi.

Nashona kwenye baraza la duka la Hajati Zubaida, soko la Bugolobi. Yeye anauza vifuniko vya ukindu vya rangi anavyosuka mwenyewe, na viungo vya pilau. Ni Mnubi, babu wa babu yake alifika huku na jeshi la Waingereza, naye huzungumza juu ya mzee huyo utafikiri alimpikia chai jana. Sikumwambia kitu. Niligeuza bega la gomesi ya kwanza, la kushoto kulia, nikafumua. Aliniona, akaendelea kusuka.

Sasa sababu. Baba yangu aliitwa. Ndivyo tulivyosema nyumbani Butembo: baba ameitwa. Aliacha duka la misumari akaenda Walikale kwa miguu kuhubiri. Akarudi, akaitwa tena. Lubero. Manguredjipa. Kila kijiji kilikuwa na Mungu wa kumwita baba, ila nyumba yetu haikuwa naye. Mama alikaanga maandazi kila alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, mikono yake mpaka leo ina alama za mafuta. Sikumchukia baba. Nilichukia lile neno. Tangu nikiwa na miaka tisa nilijiambia halitanipata.

Jana likanipata, mbele ya watu mia. Nikalirusha kando kama sufuria iliyoniunguza. Sikuangalia linamwangukia nani.


Jumatano, 9 Julai

Apio alikuja kupimwa nguo. Ni mwalimu wa chekechea, mtu wa Tororo. Anasali kwetu Kitintale kwa sababu ni karibu na kwake, basi. Kanisani kwetu Wakongo wengi hawajui Kiingereza. Yeye anakijua.

Aliinua mikono nimpime kifua. Akasema bila kunitazama: "Maama Reine, mimi nilisikia. Ile kitu mgeni alisema, wewe hapana sema yote."

Nikamwambia asimame wima, pini zitamchoma.

"Mimi sitaambia mtu, nyabo. Lakini Mungu naye anasikia Kingereza."

Nilimpima mara mbili. Vipimo havikulingana.


Jumapili, 13 Julai

Jean-Claude ameacha kazi.

Alitoa ushuhuda leo. Ijumaa alimwambia msimamizi wa makuli kwamba harudi, akakabidhi glavu na koti la mvua. "Miaka mbili nilikuwa naomba Mungu aniseme hata neno moja," alisema. "Siku ya Mungu ile akanisema." Alisimama pale na shati lake moja zuri, anatabasamu kama mtu aliyepona.

Pasta Katembo akaitikia amina mpaka spika ikalia. Katembo ni mtu mwema. Siku sita za juma ni fundi wa redio, ya saba anabeba kanisa zima peke yake, na amechoka. Mtu akijitolea, hamuulizi mara mbili.

Leo hakukuwa na mgeni, kwa hiyo sikuwa na cha kutafsiri. Ningeweza kuinuka nikasema. Nilijiambia baada ya ibada. Baada ya ibada alizungukwa na watu. Nikajiambia Jumanne.


Jumanne, 15 Julai

Sikwenda. Mvua.


Jumatano, 16 Julai

Haikuwa mvua. Ilinyesha nusu saa, nikaitumia siku nzima.


Jumamosi, 26 Julai

Nimetoka Luzira, kwa Lakica. Nilimpelekea vitambaa vya mtoto, nimevipindisha mwenyewe. Anauza chai na chapati kwa watu wanaokuja kuona ndugu zao gerezani. Mimba ina miezi sita. Alinipa stuli, yeye akakaa juu ya jerikeni.

Lakica ni Mwacholi. Kiswahili alikipata kambini kwa polisi, alikokuwa anafua nguo, na hazungushi maneno. "Maama Reine," aliniuliza, "Mungu nasema kweli mtu aache kazi wakati mtoto nakuja?"

Nikasema Mungu ni mwema. Jibu la mtu mwoga.

"Mimi hapana kataa," akasema. "Ingekuwa ile mgeni peke yake, ningekataa. Lakini nilisikia na sauti yako. Wewe mimi najua. Wewe si mtu ya kelele."

Akanipa chai ya pili bila kuitisha malipo. Anaamka saa kumi siku hizi, zamani aliamka saa kumi na mbili. Nikaangalia mikono yake. Ana alama mbili mpya za mafuta karibu na kidole gumba.

Nikamuuliza Jean-Claude yuko wapi. Ameenda kuhubiri pale stendi ya boda. Nikapita huko, nikasimama upande wa pili wa barabara asinione. Nitaandika ukweli, hili daftari si la mtu mwingine: hahubiri vizuri. Anapiga kelele, anarudia mstari mmoja mara saba, jasho linamtoka. Vijana wa boda walikuwa wanacheka, si kwa ubaya. Halafu akamaliza, akafunga Biblia, akamwendea mzee mmoja aliyekuwa amekaa ukutani na miguu iliyovimba. Akaongea naye muda mrefu. Akambeba mgongoni, akampeleka zahanati, akarudi kuchukua viatu vyake.

Jambo hilo sijui niliweke wapi. Angekuwa hafai kabisa, ingekuwa rahisi.


Alhamisi, 7 Agosti

Maombi ya wanawake. Mke wa pasta wa Makindye ndiye alikuwa aseme, hakuja, gari limeharibika. Katembo akatuma meseji: Reine, wasemeshe wewe. Nikawaambia akina mama kwamba mimi husema ya watu. Mama mmoja wa Bunia akajibu kutoka nyuma: basi sema ya watu.

Nikawasomea Hajiri jangwani, malaika anamuuliza unatoka wapi na unakwenda wapi. Nilisema sentensi moja. Kisha nikageuka kulia.

Nilikuwa nangoja sentensi inayofuata! Miaka sita nimesimama kushoto kwa mtu. Kulia hakukuwa na mtu, kulikuwa na dirisha na bati la jirani. Wanawake kumi na wanne wananitazama. Nikarudi kwao nikasema nyingine, ya kwangu. Nikasema Hajiri aliulizwa kwanza alikotoka, kabla ya anakokwenda, na sisi hapa Kampala kila ofisi inatuuliza tunakokwenda tu. Basi kila mmoja akasema alikotoka. Beni. Rutshuru. Bunia. Kuna mmoja hajawahi kulitaja jina la kijiji chake tangu avuke mpaka, leo alilitaja. Tulikaa mpaka saa kumi na mbili, hakuna aliyeangalia simu.

Nilifurahi. Niandike wazi. Nilifurahi kama sijafurahi tangu mume wangu Kambale afe, na hapo ndipo ninapoogopa. Baba naye alikuwa akirudi nyumbani na viatu vimetoboka na uso unang'aa. Nilimwona. Sijui furaha hii ni wito au ni kiburi tu. Ingekuwa nguo, ningeipima.


Jumapili, 17 Agosti

Katembo ametangaza. Tarehe 31 Jean-Claude atawekewa mikono. Juma linalofuata anakwenda kambi ya wakimbizi ya Kyangwali kuanzisha kanisa, kuna ndugu zetu wengi kule. Lakica atabaki Luzira mpaka ajifungue, halafu wataona. Mwinjilisti Masinde atakuja kuweka mikono, yeye aliyeleta neno. Mimi nitatafsiri.

Baada ya ibada Katembo akaniita nimwandikie Masinde ujumbe wa Kiingereza kwenye simu yake, kama siku zote. Niliandika: tutamwekea mikono yule uliyemwona tarehe sita Julai. Jina sikuweka. Nilijua nafanya nini.

Jibu lilikuja tukiwa bado tumesimama. Katembo hasomi Kiingereza, akanipa simu bila kuitazama, nimsomee. Kilichoandikwa: Mungu asifiwe, mwambie dada Reine ajiandae kwa kufunga siku tatu. Nilichosoma: "Anamsifu Mungu, anakuja. Anasema ajiandae kwa kufunga siku tatu."

"Nitamwambia Jean-Claude," akasema Katembo, akarudisha simu mfukoni.

Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza niliteleza, naweza kusema hivyo. Leo nilisimama kwenye ngazi, miguu imara, nikachagua neno la kuacha.


Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia Hajati. Sikupanga. Alikuwa anasuka, mimi nafumua tena – wiki hii nafumua kuliko ninavyoshona – akaniuliza kwani nina nini, uzi unaisha kwa makosa yangu. Nikamwambia yote tangu mwanzo. Yeye ni Mwislamu, nikafikiri hatajali sana.

Alisuka mzunguko mzima kabla ya kusema.

"Binti yangu, ukikosea kipimo cha gomesi ya mtu, unafanya nini?"

Nafumua, nikasema.

"Unangoja aende nayo harusini kwanza?"

Nikasema hapana. Nikasema hii si gomesi, Hajati, na kama nikisema ukweli watu watataka niache cherehani niende mimi.

"Hayo mawili," akasema. "Wewe unayashona pamoja. La kwanza, umempa mtu kitu si chake. La pili, kile kitu chako unakitaka ama hukitaki. La pili muulize Mungu wako, mimi siingii. La kwanza huhitaji kumuuliza mtu."

Halafu akanituma maji. Nilikasirika kidogo kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.


Jumamosi, 23 Agosti

Nimemwambia Jean-Claude.

Nilimkuta kule chini bandarini, nje ya uzio, anatazama wenzake wakipakia. Anaonekana amepungua. Aliniita akiwa mbali, "Yaya Reine!" – dada mkubwa, ndivyo tunavyosema kwetu – kwa furaha, nikataka kugeuka nirudi. Sikugeuka. Nikamwambia. Kwanza alichosema mgeni, kisha nilichosema mimi, zote mbili, taratibu, na ile meseji pia.

Behewa liliingia melini, kishindo chake tukakingoja kiishe.

"Kwa hiyo hakunisema," akasema.

Nikasema sijui. Alisema mimi.

"Hapana, yaya. Mgeni ndiye alisema wewe. Mungu, mimi sijui alisema nani." Akagusa kifua. "Hapa nilisikia moto. Moto ule sasa ni ya nani?"

Nilimwomba msamaha. Hakunitukana, hakunyamaza kwa hasira, alikuwa anafikiri tu, na mimi nilitamani anitukane. Akaniuliza: na wewe, siku ile, ulisikia nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema woga. Akauliza, na chini ya woga? Nikasema sikuangalia. Akatikisa kichwa, akasema yeye aliangalia na akatoka mbio.

Kisha akasema jambo moja, na alilisema bila kupaza sauti. "Uliniita mbele ya watu, yaya. Unitoe mbele ya watu. Mimi nikijitoa mwenyewe, watasema mke amenikataza. Lakica atabeba jina hiyo kanisani mpaka azeeke."

Nikasema nitafanya.

"Siku ya kuwekewa mikono," akasema. "Wakiwa wote."

Lakica ataambiwa na Jean-Claude mwenyewe, leo. Njiani kurudi nilipita pale anapouzia chai, upande wa pili wa barabara. Sasa nimekuwa mtu wa upande wa pili wa barabara.


Alhamisi, 28 Agosti

Nimeanza kufunga leo asubuhi. Tuko wawili tunaofunga, mimi na Jean-Claude, kwa sababu tofauti.

Mchana nilikwenda kwa Katembo, kibandani kwake Nakivubo. Redio zimefunguliwa matumbo kila mahali, kelele za wachuuzi mlangoni. Nilimwambia. Alizima chuma cha kulehemu, akakiweka chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

Hakunigombeza. Aliniuliza: wageni wangapi nimewatafsiri tangu 2019? Nikasema hamsini, sitini. Akasema kuna watu wameoana kwa neno lililopita mdomoni mwangu. Kuna mtu amesamehe aliyemuulia ndugu. "Sasa unataka siku ya Mungu wasikie kwamba mtafsiri wao anabadilisha? Wataanza kuchambua yote, Mama Reine. Yote."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikaa juu ya kreti. Ilikuwa mara moja tu, nikamwambia – mara mbili. Akasema mimi na yeye tunajua ni mbili.

Halafu akapanga. Viti vimekodiwa, wapasta wa Nsambya na Masajja wanakuja, akina mama wamenunua mchele. Mgeni akisema Reine, mimi niseme Jean-Claude. Baadaye, ibada ikiisha, tutaketi sisi wanne, na Jean-Claude na mgeni, na kutengeneza polepole. Alisema kwa upole, kama mtu anayefunga kidonda. Nikamuuliza: na kama ni mimi kweli? Alichukua bisibisi, akaigeuza geuza. Akasema kama ni mimi kweli, Mungu hatakosa siku nyingine.

Nikasema ndiyo, Pasta.

Nimezoea kusema ninachopewa. Nimeahidi watu wawili vitu viwili visivyokaa kwenye Jumapili moja.


Ijumaa, 29 Agosti

Njaa. Kichwa kinauma upande mmoja.

Hajati ameniona siigusi chai, akaacha kunywa yake mbele yangu. Aliuliza tu kama nimefumua. Nikasema nusu. Akasema nusu ndiyo mbaya zaidi, nguo haivaliki wala haishoneki.

Lakica amenitumia ujumbe, maneno machache: JC ameenda bandarini kuuliza kazi, msimamizi amesema nafasi imechukuliwa, aje Jumatatu aangalie. Mwishoni ameandika: asante umesema. Nilitegemea matusi.

Nimejaribu kuomba. Sikuomba ishara, ishara nilishapewa kwa maikrofoni. Nilimwambia Mungu nilichomwambia Jean-Claude, kwamba chini ya woga sikuangalia. Kisha nikaangalia. Kulikuwa na wale wanawake kumi na wanne, na dirisha, na bati la jirani. Sikuona Walikale. Sikuona mtu yeyote akitembea kwenda mbali. Sijui maana yake ni nini, naandika tu nilichokiona.


Jumapili, 31 Agosti

Kitintale, ukumbini. Saa tano na robo. Daftari la kutafsiria nimelisahau nyumbani, nina hili tu mkobani. Kwaya ya vijana wana nyimbo tatu, wako kwenye ya kwanza.

Kumejaa mpaka ngazini. Lakica amekaa mbele kabisa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Jean-Claude kando yake, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Suti aliyoazimwa na Katembo hakuivaa. Amevaa ovaroli yake ya bandarini, imefuliwa, imepigwa pasi. Katembo ameiona, amekunja uso. Apio yuko benchi la tatu, mikono kifuani.

Masinde alifika saa nne. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza kama nimejiandaa. Nikasema nimefunga siku tatu. Ni kweli. Akafurahi. Akamtazama Jean-Claude kwenye kile kiti, akaniuliza kwa Kiingereza: yule ni mzee wa kanisa? Nikasema atajua sasa hivi.

Amenipa karatasi yake, kama wageni wazuri wanavyofanya, nitayarishe. Ukurasa mmoja. Jina langu limo mara nne.

Wimbo wa pili.

Katembo amekuja kuniinamia sikioni: kama tulivyosema, Mama Reine. Amenigusa bega. Ana haki ya kuogopa, hata mimi naogopa, tena kwa sababu ileile. Wakichambua yote, sitakuwa na pa kusimama hapa, si kushoto wala kulia.

Jean-Claude ananitazama. Hanisukumi kwa macho. Ananitazama tu, kama alivyotazama lile behewa.

Sijui kama nimeitwa kuchunga mtu. Sijui. Najua niliwekwa hapa niseme kilichosemwa.

Wimbo wa tatu. Karatasi, mstari wa kwanza. Naandika Kiswahili chake:

Tarehe sita Julai nilisimama hapa, na Mungu akanionyesha mtu mmoja hapa

Nimekata.

Tarehe sita Julai nilisimama hapa, na Mungu akanionyesha mwanamke huyu anayenitafsiria. Jina lake ni Reine. Siku ile hakuwaambia.

Maneno matatu ya mwisho hayapo kwenye karatasi. Ni yangu.

Kwaya wanaketi. Masinde ameshasimama, ameacha nafasi kushoto kwake. Katembo amenyoosha mkono wenye maikrofoni, na kwa kidevu ananionyesha Jean-Claude, nisisahau. Naichukua